Kanda ya Upande wa Wanawake

Katika kanda ile ya video Mzee Mbarouk alikuwa na haki ya kumtazama mwanamke mmoja tu. Waliobaki, na ukumbi wa harusi siku ile ulifurika hata nzi alisimama kwa mguu mmoja, wote walikuwa haramu kwake, na waume zao wengine wangali hai, wamekaa vibarazani Malindi na bakora zao.

Huyo mmoja ni mkewe, marehemu Mwanapili. Mwanapili alipenda kila jambo la dunia isipokuwa kupigwa picha. Akiona kamera upande huu wa njia, yeye hupita upande ule. Na kama njia haina upande ule, maana vichochoro vya Mji Mkongwe vingine upana wake ni punda mmoja na nusu, basi huingia nyumba ya watu akakaa mpaka akapikiwa chai. Kuna mtalii alimwandama kutoka Forodhani hadi Kiponda akitaka picha ya buibui lake, na Mzee Mbarouk alipenda kuhadithia kwamba yule bwana alirejea kwao na picha za milango inayofungwa, akazifanyia maonesho, akapewa tuzo.

Alipokufa aliacha picha moja, ya kitambulisho. Nayo alipigwa wakati maradhi yameshamwingia, uso umevimba, macho yanamtazama karani kama mtu anayengoja kuitwa kwa jina lisilo lake. Mzee Mbarouk aliitia ndani ya pochi, na kila akiitoa aliifuta kwa kidole gumba, hata mwisho gumba likala pua na sehemu ya shavu.

Na uso wa kweli nao ukaanza kumponyoka. Siku moja alikuwa anakunywa kahawa, akajiuliza nyusi za Mwanapili zilikuwa zimekutana au zimeachana, asipate jawabu. Akadhani ni uchovu. Haukupita muda mrefu ukaondoka mdomo. Ikawa hata akimwota, anayekuja ni yule wa kitambulisho, amevimba, hasemi, anangoja kuitwa. Watu wenye watoto huwaona marehemu wao wakipita ukumbini na mkoba wa skuli. Mbarouk na Mwanapili hawakujaaliwa. Hakuna kidevu chake kilichobaki kwa mtu mwengine yeyote chini ya jua.

Ndipo alipoikumbuka harusi ya Mayasa.

Mayasa ni binti wa dada yake, Bi Saadiya, na aliolewa katika miaka ya tisini, enzi ambazo harusi isiyo na video ilionekana kama nikaha ya kutoroshana. Kwa upande wa wanawake hapakuwa na ubishi: mpiga video alikuwa Bi Mwanakheir. Yeye peke yake mjini ndiye aliyeaminiwa kuingiza kamera mahali ambapo mabuibui yameshavuliwa, nywele zimeachiwa na mikono iko wazi mpaka mabegani. Kamera yenyewe aliibeba tumboni, chini ya buibui, asionekane nayo njiani, na wachukuzi wa bandarini wakawa wanampisha kwa huruma, mwanamke mwenye mimba ya miaka kumi na mbili. Kanda zake hakumpa mtu. Ukitaka kujitazama unakwenda kwake, mnafunga mlango wanawake peke yenu, mnacheka, mnalia, mnaondoka. Kanda inabaki.

Mzee Mbarouk alimfuata Mwanakwerekwe, nyuma ya soko, anakokaa siku hizi kwa mwanawe. Alimkuta amekuwa mdogo, kama aliyefuliwa kwa maji ya moto. Akamweleza habari ya nyusi, habari ya mdomo, habari ya ndoto. Bi Mwanakheir alimsubiri muadhini amalize adhuhuri. Kisha akavuta sanduku chini ya kitanda. Kanda zilikuwa zimeota ukungu mweupe, kama halua iliyosahauliwa shubakani.

Kabla ya kumpa alimwapisha. Ukumbi ule usionwe na jicho la mwanamume, lake wala la fundi. Kipande cha Mwanapili akiwa peke yake, kikishakatwa na mwanamke, hicho ni halali yake. Na kanda irudi.

“Wale waliniamini mimi, hawakukuamini wewe,” alimwambia. “Wengine wamo kaburini, Mbarouk, na bado wananiamini.”

Mzee Mbarouk aliapa, na alikusudia.

Laptopu ilikuwapo nyumbani Malindi, anakokaa na Bi Saadiya. Mayasa aliileta kutoka Maskati ili yeye na mama yake wawe wanaonana wakizungumza, na Bi Saadiya alijivunia chombo kile kuliko makabati yake yote. Siku moja alimsifu Mayasa humo ndani jinsi alivyonenepa na kunawiri, na kumbe aliyekuwa kwenye kioo ni mkwewe, na ndevu zake. Nyumba nzima ilicheka, mkwe mwenyewe alicheka, watu wakasema Bi Mkubwa kwa mzaha hana mfano. Bi Saadiya naye akacheka kuwashinda wote.

Kilichokosekana ni kamera ya kuzicheza kanda za aina ile, na kamera hiyo Unguja nzima alibaki nayo Fundi Wakil wa Michenzani, katika chumba cha chini cha jumba moja refu. Wakil alitengeneza vitu ambavyo wenyewe walishavisahau. Ilisemekana rafu ya juu kabisa ilikuwa na redio ambayo ukiiwasha inakusomea taarifa ya habari ya mwaka wa sabini na tatu, na kwamba wazee wa Kikwajuni huja kuisikiliza ili wajue mambo yatakuwaje. Kanda alikaa nayo siku kadhaa, akaifungua, akaipangusa ukungu kwa pamba na spiriti, akamwita Mzee Mbarouk amweleze hali ya mgonjwa.

Habari ilikuwa hivi. Kanda ya saa moja inahamia kwenye laptopu kwa saa moja, haiharakishwi. Inatoka kwenye kamera kwa waya tatu, wa manjano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, zinaingia kwenye kidude, na kidude kinaingia kwenye laptopu. Mlango wa kamera umevunjika kitasa, kwa hiyo lazima Wakil mwenyewe akae kuukandamiza kwa gumba muda wote. Na juu ya yote hayo, gundi ya kanda imeoza.

“Ikipita kwenye kichwa cha kamera inaacha ngozi yake,” alisema Wakil. “Itapita mara moja, Mzee wangu. Mara ya pili sikuahidi kitu.”

Mzee Mbarouk akauliza kama itapita bila mtu kuitazama. Wakil akasema hapana, lazima awepo wa kutazama, picha ikipotea amwambie, asimamishe. Basi awe mwanamke, akasema Mzee Mbarouk. Wakil alimpendekeza mkewe, Hamda. Lakini Bi Saadiya aliposikia kwamba harusi ya mwanawe itatazamwa na mtu ambaye hakualikwa, aliweka kikombe chini.

“Mimi ndiye mama wa bibi harusi,” alisema. “Nani awajuaye watu wale kuliko mimi? Huyo Hamda atamjuaje Mwanapili?”

Hamda akaachwa.

Walikwenda Michenzani asubuhi, laptopu imefungwa ndani ya mkoba, na Mzee Mbarouk amechukua kanga moja ya Mwanapili kutoka sandukuni, pana, nzito, iliyokuwa bado na harufu ya udi. Mpango ulikuwa Bi Saadiya akae mbele ya laptopu, yeye na laptopu wafunikwe gubigubi kama wagonjwa wanaofukizwa mafusho, na wanaume wawili wabaki nje. Wakil akaunganisha waya zake. Akasema kwanza lazima ahakikishe picha ipo, sekunde chache tu, kwenye kanda kwa kawaida huanza pazia au meza.

Kweli likaja pazia. Likaja na rangi zake, linatikisika, kisha meza ya soda na sinia la vileja, na Mzee Mbarouk akasogea mbele, kwa kuwa sinia lile alilijua, lilikuwa la nyumbani kwake. Hapo, upande wa kushoto, ukaingia mkono wa mwanamke. Mkono mtupu, hina mpaka kiwikoni, bangili zinalia.

Mzee Mbarouk aliitupa kanga kama mvuvi atupaye kimia. Aliitupa kwa nguvu zote za kiapo chake, ikawafunika Bi Saadiya na laptopu na nusu ya meza, akaivuta pindo upande wa pili mpaka isibaki tundu. Wakil alikuwa ameshageuza uso ukutani, mtu mwenye adabu zake, gumba liko kwenye kamera.

“Bi Saadiya, picha ipo?”

“Ipo,” ikatoka sauti chini ya kanga.

“Unaona vizuri?”

“Nnaona kuliko wewe.”

Sauti zilikuwa zikitoka kwenye laptopu barabara. Vigelegele, dufu, watoto wanaitana, mtu anatafuta kiatu chake. Na juu ya sauti hizo Bi Saadiya akaanza kuhadithia. Huyo anaingia Shemsa na gauni lililomshinda. Huyo Bi Ruzuna anakula vileja vya watu kabla ya maulidi. Hao wa kutoka Tumbatu, wamejipanga mstari kama wanaokwenda kuhesabiwa. Alipofika kwa bibi harusi akalia kidogo, akapenga kamasi kwenye kanga ya marehemu, akaendelea. Wakil, aliyekuwa akitazama ukuta wenye kalenda ya duka la vipuri, alianza kutabasamu. Mzee Mbarouk aliukamata ukingo wa kiti. Maisha yake yote hakuwahi kuusikia ukumbi wa wanawake kwa karibu hivyo, na aliona haya hata kwa masikio yake.

Kipindi kilipita. Kisha sauti ya Bi Saadiya ikalainika.

“Huyo sasa. Mwanapili huyo. Anakuja na chetezo, anawafukiza wageni. Gauni la kijani, kikuba cha maua kifuani. Anacheka, Mbarouk.”

Mzee Mbarouk aliuachia ukingo wa kiti.

“Kabaki peke yake,” akasema Bi Saadiya. “Wamempisha. Ukitaka, njoo utazame.”

Aliinuka. Akafika mezani, akaishika kanga kwenye pindo, akaiinua kiasi cha kidole kimoja, na chini yake ukatoka mwanga kidogo ukamwangukia kwenye vidole. Ilikuwa ni kuinama tu. Lakini kuinua kanga ni kuinua kanga kwa wote, na nyuma yake, kwa urefu wa mkono, alikaa Wakil na macho yake mawili mazima. Wakil alikuwa ametazama ukuta. Je, akigeuka? Mwanapili hajafunika kichwa, yumo na gauni la sherehe, anacheka. Miaka yote aliyoishi naye hakuna mwanamume wa nje aliyemwona akicheka.

Akaiteremsha kanga, akaibana kwa kiganja, akarudi kukaa.

“Nitamwona nyumbani,” alisema. “Acha ipite.”

Ikapita mpaka mwisho. Wakil aliifungua kamera, na kichwa chake kilikuwa kimejaa ungaunga wa kahawia kama mdalasini uliosagwa; kanda yenyewe ilitoka imefifia, unaweza kuiweka juu ya gazeti ukasoma matangazo ya vifo. Lakini nani aliyejali. Kilichokuwamo kimeshahamia. Mzee Mbarouk alirudi Malindi akiipakata laptopu kwa mikono miwili, na watu waliomsalimia njiani walisema baadaye kwamba aliitikia salamu ambazo hata hazijatolewa.

Wa kukata kile kipande alikuwa Ulfat, mwalimu wa skuli, jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke mwenye haya na vidole vyepesi. Alishuka baada ya alasiri. Mzee Mbarouk aligeuza kiti kikatazama ukuta, akakaa ameupa mgongo mwanga wote wa chumba, mikono juu ya magoti. Bi Saadiya alimimina chai. Sauti zikaanza, vigelegele, dufu, kiatu kinatafutwa. Kisha zikakatika, zikaanza mbele zaidi, zikakatika tena.

Ulfat akamuuliza Bi Saadiya kama kuna kanda nyengine. Bi Saadiya akasema ni hiyo hiyo.

“Nenda mbele,” alisema Mzee Mbarouk akiuambia ukuta. “Yuko karibu na katikati, na chetezo.”

Ulfat akaenda mbele. Akaenda mpaka mwisho, akarudi nyuma taratibu, mpaka mwanzo.

“Geuka tu, Mzee Mbarouk. Humu hamna mwanamke.”

Aligeuka. Kioo kilikuwa cha buluu. Buluu moja, safi, haina wingu wala alama, na ndani ya buluu hiyo watu wasioonekana walikuwa wakipiga vigelegele.

Ulfat alimwonyesha palipo mwanzo kabisa. Pazia lilikuwapo. Meza ya soda ilikuwapo, na sinia, na ule mkono wenye hina unaingia kwa kushoto. Kisha mstari mweusi unapita upesi, na picha inaruka. Baada ya hapo ni buluu. Hakuhitaji kuelezwa na fundi, ingawa kesho yake fundi alimweleza, kwa sauti ya chini, akiushika waya wa manjano baina ya vidole viwili kama mkia wa panya. Kanga nzito, imetupwa kwa nguvu, ukingo wake umeuvuta waya wa picha ukachomoka nusu. Waya za sauti zikabaki.

Lakini hayo ya kesho yake. Jioni ile Mzee Mbarouk alimgeukia dada yake.

“Dada, wewe uliona nini mle?”

“Niliona ukumbi. Buluu ile ndiyo mapambo, kitambaa nilikichagua mimi.”

“Na Mwanapili?”

“Nilimwona.”

“Wapi, dada?”

Bi Saadiya alilivuta birika. Alijimiminia chai kwenye kikombe, na Mzee Mbarouk kwa mara ya kwanza aliona jinsi anavyoimimina: kidole cha shahada kimetumbukizwa ndani ya kikombe, kinangoja moto wa chai ukifikie ili ajue kimejaa. Dada yake haoni. Haoni siku nyingi, tangu zamani za yule mkwe mwenye ndevu, na alikuwa amekaa saa nzima chini ya kanga akiitazama buluu, anaisikiliza harusi, anaitengeneza upya kwa kumbukumbu zake mwenyewe.

Ulfat akajifanya anakunja waya.

“Kanga ilikuwa yake mwenyewe,” alisema Bi Saadiya. “Hakutaka yule, Mbarouk. Toka zamani hakutaka.”

Wakil aliipitisha kanda mara ya pili, kwa kuwa Mzee Mbarouk alimwomba na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kukataa. Safari hii hawakufunika kitu. Hapakuwa na haja. Zilitoka chenga tupu, nyeupe na nyeusi, kama mchele unaopepetwa. Mara moja katika chenga zile kikapita kitu mfano wa bega, na wanaume wote wawili wakafumba macho. Walipoyafumbua hakikuwapo tena.

Ikabaki sauti. Mzee Mbarouk aliisikiliza siku nyingi, na Bi Saadiya ubavuni, kwa sababu macho yamekwenda lakini masikio ya Bi Saadiya yangeweza kumtambua mtu kwa namna anavyoburura kandambili. Alitaka kumpata Mwanapili mle. Kila penye kicheko alisimamisha. Huyu ni yeye? Siye, huyo ni Arwa. Huyu? Huyo marehemu Bi Ruzuna, Mungu amsamehe vileja vile. Alimuuliza tena juu ya gauni la Mwanapili, akaambiwa la rangi ya chungwa. Akasema mara ya kwanza ulisema kijani. Bi Saadiya akasema kijani ilikuwa ya maulidi. Hakubishana naye. Aliyasikiliza yote mawili, gauni la kijani na gauni la chungwa, na ndani ya kila moja alijaribu kutia uso, na uso ulioingia ulikuwa wa kitambulisho.

Mahali pamoja, karibu na katikati, kuna sauti ya mwanamke inayokemea. Kali, ya puani kidogo, imekaribia sana kamera hata inakwaruza. *Zima hiyo, bibi we. Zima, nakwambia.* Kisha watu wanacheka, na dufu linaendelea. Mzee Mbarouk aliwahi kuuliza ni nani huyu mgomvi anayeharibu harusi ya watu. Bi Saadiya alisema pengine ni mmoja wa wale wa Tumbatu. Wakapita.

Kanda ilikuwa amana, na amana hurudi hata ikiwa maiti. Mzee Mbarouk aliipeleka Mwanakwerekwe ndani ya kitambaa safi. Njiani alishakata shauri atasema nini. Alikuwa mtu aliyewahi kuwashawishi mabaharia wa meli ya simenti kwamba chini ya gati ya Malindi kuna papa mstaafu anayelipwa pensheni kwa samaki, na walimtupia samaki wiki nzima. Uwongo mmoja wa kumfurahisha mwanamke mzee haukuwa mzigo kwake. Kwa hiyo Bi Mwanakheir alipomuuliza kama kile kipande kimetoka, alisema kimetoka. Alipomuuliza kama amemwona, alisema amemwona, huku jicho lake likiwa mlangoni.

“Na gauni lake la kijani,” akaongeza. “Anawafukiza watu, anacheka.”

Bi Mwanakheir alikuwa anaifungua kanda kwenye kitambaa. Akaacha kuifungua.

“Nani anacheka?”

“Mwanapili.”

“Rangi siikumbuki,” alisema Bi Mwanakheir polepole. “Nnachokikumbuka ni mgongo. Kila nikimwelekezea, mgongo. Nikizunguka, anazunguka. Mwanamke yule alinitesa siku ile, Mbarouk, chetezo mkononi, mgongo kwangu, kama kibla kiko upande wa pili wa kamera. Mwisho nikamwotea, nikamnasa uso kwa uso, toka hapa mpaka hapo.” Alionyesha kutoka kifuani kwake mpaka kwenye pua ya Mzee Mbarouk. “Hakucheka. Alinifokea. Zima hiyo, bibi we. Mpaka leo nnaisikia.”



“Hiyo nayo uliiona?” aliuliza Bi Mwanakheir.

“Niliiona,” alisema Mzee Mbarouk.

Alirudi Malindi hajui amerudi kwa njia ipi. Bi Saadiya alikuwa jikoni, anachambua mchele kwa vidole. Mzee Mbarouk hakuvua kofia. Alikaa mbele ya laptopu, akaifungua ile buluu, akaenda mpaka karibu na katikati.

*Zima hiyo, bibi we. Zima, nakwambia.*

Aliirudisha. Akaisikiliza amefumba macho, akaisikiliza ameyafumbua. Aliingojea sauti ile imguse mahali, kama unavyongoja mtu aliyebisha hodi ajitaje jina. Alikuwa ameishi na sauti hiyo miaka thelathini na kitu, imemwamsha alfajiri, imemkumbusha dawa, imemwita kutoka barazani kwa chakula, naye ameitikia naam. Sasa ilikuwa ya mwanamke mmoja mkali, ya puani kidogo, hajapata kumjua. Aliirudisha tena. Pengine alimfokea kila mtu kwa sauti nyengine, na mumewe alimwekea ile ya nyumbani. Pengine kanda imeikwaruza. Pengine mwanzo ilikuwa nyusi, kisha mdomo, na kuchukuliwa huku kuna mpangilio wake, na sasa ilikuwa zamu ya sauti. Aliirudisha.

Buluu ilikuwa imemjaa usoni. Jioni iliingia, na hakuwasha taa.

“Mbarouk,” aliita Bi Saadiya kutoka jikoni. “Nani huyo anayekufokea toka saa ile?”

“Mgeni tu, dada,” alisema Mzee Mbarouk. “Mmoja wa wale wa Tumbatu.”

Akairudisha.